Diski Aliyoigawa Baba

Enzi zetu pale Bigo, kompyuta haikuguswa na mtu ambaye hajanawa mikono. Nyumba nzima ilikuwa na moja tu, nene kama sanduku la nguo, na baba aliiwasha Jumapili baada ya misa, jenereta ikishaanza kunguruma. Tulikaa chini kwenye mkeka, vidole bado vinanukia mboga ya sombe hata baada ya sabuni, tukisukumana kwa viwiko ili kuona kioo.

Baba mwenyewe ndiye aliyeigawa diski. Ni mtoto wa wakulima wa Aveba, hapendi kuona ardhi imelala bure, basi akaanza kugawa kutoka ukingoni kabisa, bila kuacha nafasi. Kipande cha kwanza kikawa cha kuendeshea mashine, cha pili kikawa cha familia. Alituambia, "Ya kwanza ikikufa, tutaweka ingine. Ya pili, mutu asiiguse!" Humo ndimo alimohifadhi picha za mama. Mama alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na picha zake za karatasi ziliozeshwa na mvua upepo ulipong'oa mabati yetu. Zikabaki hizo za kompyuta tu. Mpaka juzi, baba, sasa mzee wa kushikwa mkono, kila Jumapili aliketi kumtazama mkewe.

Ndipo akaja Dieumerci, mtoto wa kaka yangu, na diploma yake ya informatiki. Hawa watoto wa siku hizi hawawezi kuona kitu kizee kinafanya kazi wakakiacha! Akataka kuitoa ile programu ndogo inayoamsha mashine, aweke mpya. Mashine ikakataa waziwazi: programu mpya ni kubwa, na mwanzo wa diski hauna nafasi ya kuipokea. Sisi tungeishia hapo. Yeye akafuta mgawanyo wote wa baba, akaupanga upya kwa mtindo wa kisasa, akaacha nafasi nzuri mbele, kisha akaijaza diski filamu zake. Hakumwuliza mtu!

"Tantine, angalia, sasa iko nawaka mbiyo!" aliniambia, meno yote nje.

"Na picha za mama?"

"Picha gani?"

Fundi wa mjini amejaribu kuzirudisha, ameshindwa.

Zamani tuliingoja hiyo mashine mpaka wadogo wakasinzia, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu tulijua nani anakuja. Leo inawaka kabla hujavuta kiti, na haina mtu ndani. Kesho ni Jumapili. Baba ameshanyoa ndevu, na mimi bado sijamwambia.