Kioo cha Boti ya Ezron

Kiwanda cha chai kilipopata mwekezaji, Andongwisye alipunguzwa kazi kwenye karakana, akarudi nyumbani Makandana, mjini Tukuyu, na ufundi wake tu. Akafungua kibanda cha kutia vioo, vya madirisha na vya magari. Kwa mvua ya Tukuyu, fundi ambaye kioo chake hakivuji hapungukiwi wateja.

Ndiyo maana Ezron, kaka wa mkewe Felista, alipanda kutoka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kumfuata. Ezron aliendesha boti ndogo ya kuvushia wagonjwa wa vijiji vya kando ya ziwa ambako gari halifiki.

"Shemeji, kioo cha mbele kimechoka, maji yananipiga usoni," alisema. "Wenye boti wameleta kipya, ila si kioo hasa. Ni plastiki ngumu. Wanaiita akriliki."

Miaka hiyo maduka yalikuwa yamefurika bidhaa za kila nchi, na maandishi ambayo hata muuzaji hakuyasoma. Mbeya mjini Andongwisye alipata aina mbili za gundi: silikoni nyeupe, na gundi nyeusi ya vioo vya magari. Muuzaji aliapa kwamba zote zinashika. Andongwisye hakumwamini. Alipaka kila moja kwenye kipande cha akriliki, akavianika juani juu ya ubao. Wiki ikapita, vipande havikuwa na dosari. Silikoni ilibanduka kwa ukucha. Ile nyeusi ilishinda hata patasi.

"Hiyo nyeusi inanuka kama thina ya rangi, Baba Amoni," Felista alimwambia. "Haitaila plastiki?"

"Si nimejaribu? Kipande umekiona mwenyewe."

Akachagua nyeusi. Mawimbi ya Ziwa Nyasa aliyafahamu, na alitaka kitu cha kumshikia shemeji yake kioo barabara.

Lakini kipande cha majaribio kilikuwa kimelala bapa, hakuna kilichokivuta. Kile cha boti kilipindwa kufuata umbo la pua yake, kikakazwa kwa skrubu kila upande. Plastiki iliyopindwa hivyo haistahimili ukali ulio ndani ya gundi kama ile. Nyufa nyembamba kama nywele zilianzia kingoni, zikajificha chini ya ule weusi.

Siku moja ya upepo, Ezron akiwa amembeba mama mwenye uchungu wa uzazi, wimbi likapiga mbele. Kioo kikapasuka, vipande vikamwingia usoni. Alishika usukani hivyohivyo, damu ikimtiririka, mpaka Matema. Mama alijifungua salama. Jicho moja la Ezron lilikwisha siku ileile. La pili, lililojeruhiwa nalo, lilififia polepole, na kufikia Pasaka alikuwa haoni kitu.

Andongwisye aliviokota vipande kwenye boti. Kila ufa ulianzia palipopakwa gundi. Akarudi kibandani, akapinda kipande kilichobaki, akakibana, akakipaka. Kabla jua halijazama kilikuwa kimejaa nyufa. Alikaa akikitazama, na alichokijua sasa hakikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Alishuka Matema. Ezron alikuwa ameketi barazani, uso ameuelekeza ziwani.

"Nani?"

"Ni mimi, shemeji."

"Felista aliniambia ulijaribu kwanza."

"Nilijaribu."

"Basi, shemeji. Ingekuwaje tena?"

Andongwisye alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alijua namna ya kusimama mbele ya matusi. Mbele ya upole ule hakujua aweke wapi mikono. Alitaka kusema jinsi plastiki ilivyopindwa, akaona ni maneno ya kujitetea mbele ya kipofu, akayameza.

Watu wa Makandana walisema ni bahati mbaya, wakaendelea kumletea kazi. Yeye ndiye aliyeshindwa. Kila alipokaza skrubu alisikiliza, akangoja mlio wa kupasuka. Mwisho akauza vifaa, akaenda kuchuma chai kwenye mashamba ya watu huko Kyimo.

Felista hakumkumbusha swali lake la ile harufu. Kila alipopata ndizi alizifunga, akampelekea kaka yake, na aliporudi hakusimulia alichokiona. Andongwisye naye hakuuliza. Walikula wakiwa wamekaa karibu, kila mmoja akiangalia sahani yake.