Mizizi Chini ya Konokono

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya visima, hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, mwaka 1998, niliharibu kazi kabla ya saa sita. Juu ya turubai nilikuta mafungu kumi ya udongo yamepangwa kwa mstari. Ndizo sampuli: konzi moja kwa kila mita iliyochimbwa. Mimi, mkulima wa Kivu Kusini na shemasi wa kanisa letu la Misiera, mtaa wa humu kambini, nikaona takataka. Nikazizoa zote rundo moja.

"Wewe nachanganya kwa nini?" akauliza msimamizi, mjuzi wa miamba kutoka Mbarara.

"Chef, si ni matope ya gharika? Yote ni ya mwaka ule mmoja."

Nikamwonyesha konokono wa majini waliogeuka jiwe, niliowaokota humo, mbali na ziwa. Nilishaamua kuwapeleka kanisani Jumapili, wamshuhudie Nuhu.

Hakunicheka. "Shuka, soma ukuta. Halafu ambia mimi."

Wakanishusha kisimani kwa kamba na roda. Kwanza mkanda wa konokono. Chini yake udongo mwekundu, na ndani yake mizizi ya mti, jiwe tupu, imesimama fasi ile ile, pale ilipoota. Chini ya mizizi, konokono tena. Nikaipapasa. Maji yalikuja, yakaondoka, mti ukaota ukakomaa, maji yakarudi. Gharika ya mwaka mmoja ingeuotesha saa ngapi? Niliogopa, nasema kweli, na sikutaka kutoka.

"Ni miaka ngapi hii?" nikapaza sauti.

"Mingi sana. Hata mimi naogopa kuhesabu."

Habari ya konokono ilimfikia Pasteri, na Jumapili akaita: "Shemasi, leta ule ushuhuda."

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini ushemasi wa uongo ungenifaa nini? Nikasimama na konokono wangu mkononi. "Bandugu, chini ya hawa kuko mizizi ya mti. Siwezi kubadanganya humu. Hii haikuwa maji ya Nuhu."

Nikavuliwa ushemasi siku ile ile, wala sikurudishiwa. Iliniuma sana.

Jumanne Pasteri akaja kisimani peke yake, akaomba kamba. Alikaa chini muda mrefu. Tulipomvuta, magoti ya suruali yake yalikuwa na matope mekundu.

"Na chini ya wale konokono ba mwisho," akaniuliza polepole, "kuko nini?"

Nilishuka na swali hilo kila kisima, sampuli zangu zikiwa kwa mstari, mpaka nilipostaafu mwaka 2015. Kila tulipoongeza mita, chini yake kulikuwa na tabaka lingine.