Muntu wa Kwanza ku Mulango ya Maman Lan

Rafiki yangu, wewe mwenye naweza kuachia funguo ya nyumba yangu na nisigeuke nyuma, ikala nikuelezee. Bijana ba ku parokia benye banaanza kutumika mu ma restaurant ya hapa Bruxelles banapendaka kuniuliza namna sisi tulikuwa tunafanya kazi. Banafikiri niko muzee. Siko muzee, bado sijafika hata miaka makumi tano, lakini mikono yangu ilizeeka mbele yangu. Munganga wa hôpital alikamata bifundo ya mikono, akabipinda kidogo, akaniambia nitafute kazi ya kuikala. Donc retraite ya cuisine ilinifikia mapema. Mungu njo anajua saa yake.

Siku ya kwanza niliingia kwa mulango ya nyuma, mu kanjia kenye kanatokea ku Chaussée d'Ixelles, karibu na Porte de Namur. Ilikuwa restaurant ya ba Vietnam, meza kidogo, na cuisine ndogo kama kabati. Patronne, mwenye restaurant, alikuwa Madame Lan. Sisi bote tulikuwa tunamuita Maman Lan. Chef, mwenye kusimama mbele ya moto, alikuwa mudogo yake, Tonton Tâm. Hata bonjour hakunipa. Alinitupia tablier, nguo ya kufunga mbele, akanionyesha mulima ya sufuria. Ile fasi banaiita plonge: unaosha bintu byote byenye kutoka ku moto na ku meza. Nikaosha mupaka ngozi ya bidole ikajikunja. Kiisha Maman Lan akakuja. Hakuangalia ndani ya sufuria. Alizigeuza, akaangalia matako yake.

«Ndani kila muntu anaosha,» akasema. «Mi naangalia chini.»

Na kule chini kulikuwa nyeusi, sitakuficha. Nikaanza tena. (Tulikuwa tunasema Français, ya kwake na ya kwangu zote mbili zilikuwa zinachechemea. Hapa nageuza mu Swahili yetu.)

Mi nilitoka Lubumbashi na primaire tu. Kusoma sawasawa nilisomea hapa, masomo ya mangaribi, jua ikishuka, nikitoka ku kazi, na harufu ya kitunguu mu nguo. Mwalimu alikuwa anafungua dirisha pole pole, kama muntu mwenye kusikia joto, juu asinihayishe. Mungu amubariki.

Kisha plonge banakupandisha ku légumes, kukata-kata mboga. Pale njo nilijuana na nuoc-mâm, mayi ya samaki yenye banaacha mu chumvi muda murefu mupaka inakuwa kama mafuta. Siku ya kwanza nilifikiri kuna kintu kimeoza, nikafungua milango yote. Lakini sisi benye tulikomea ku ndakala, bale basamaki badogo ba kukauka, hatuwezi kukataa ile harufu muda murefu. Kisha légumes, rouleaux: karatasi ya muchele, nyembamba sana, unailowesha kidogo mu mayi ya vuguvugu, unatia ndani salade na kamba wa baharini, unakunja. Ukiiacha inywe mayi mingi, inapasuka mu mikono yako, na Tonton Tâm anakuuliza kama unamushonea bibi arusi nguo.

Sasa tufike ku Têt. Njo mwaka mupya ya ba Vietnam. Inafuata mwezi ya mbinguni, inakuja mu baridi, wakati bonne année yetu ilisha kusahaulika. Ku njia hauone kintu, bus zinapita, bantu banaenda ku bureau. Lakini mu cuisine yetu ilikuwa kama mbele ya Noël. Nyama ya nguruwe inachemka pole pole na mayai mazima mu mayi ya nazi. Tangawizi inakauka na sukari. Bitunguu bidogo biko mu vinaigre, ile siki. Bamama ba Vietnam banakuja na batoto babo kukamata komande, banasema kwa sauti, batoto banaiba tangawizi. Na juu ya yote, banh tét. Ile ni muchele ya kunata. Katikati unaweka maharagi madogo ya manjano na nyama, unaviringisha mu majani ya ndizi, unakaza na kamba, unachemsha siku nzima.

Mwaka ya kwanza Maman Lan akanisogezea majani, akasema muntu wa Congo anajua kufunga majani. Nikamuambia hapana, ile ni ya ba Kinshasa na chikwange yabo, muhogo ya kufunga mu majani. Sisi ba Lubumbashi, ba Katanga, ni bantu ba bukari, ugali, tunasonga na mwiko, imekwisha.

«Alors banatuletea mu-Congo ya bule,» Tonton Tâm akasema.

Nikajifunza. Ukikaza sana, muchele haina fasi ya kuvimba, inapasua jani. Ukilegeza, mayi inaingia. Maman Lan alikuwa anabonyeza kila moja na kidole gumba. Akinyamaza, umefaulu. Akikunja uso, fungua uanze.

Ku kona, juu ya caisse, fasi ya kulipia, kulikuwa kameza ka bankambo babo, bazee benye balikufa: picha ya baba ya Maman Lan na ya mama yake, matunda, maua, kikombe ya chai, ubani. Mi niko muntu wa rozari. Nilimuambia mapema, kwa heshima, siwezi kuwasha ubani pale.

«Nani amekuomba?» akasema. «Wewe osha sahani zabo. Mama yangu alipenda sahani safi. Na Français hakujua, hatakusemesha.»

Basi kila Têt niliosha zile sahani, na wakati wa kuzirudisha niliwaombea bale bazee, kimya, namna yangu. Alijua, na hakunizuia.

Têt iko na miiko yake. Siku ya kwanza haufagie, utafukuza bahati na ufagio. Hauvunje sahani. Na ile ya kubwa: muntu wa kwanza mwenye kuingia mu nyumba ile asubui njo analeta mwaka. Roho yake ikitulia, mwaka itatulia. Ni juu ya ile banamuchagua, banamuomba mbele. Na muntu mwenye kufiwa, mwenye iko na kilio kwake, haingie kwa bantu mu zile siku, na bantu habaingie kwake, juu huzuni isiambukize mwaka.

Mwaka moja ilikuwa mubaya. Balichimba njia mbele ya restaurant, bakaweka bizuizi, bateja bakapotea. Tonton Tâm alianza kusema habari ya kufunga. Na muzee mwenye alizoea kuingia kwabo wa kwanza alisha kuhamia mbali kwa mutoto wake. Ikabakia siku kidogo, Maman Lan akanikalisha ku meza, mbele, kama muteja, akaniletea chai. Akaniomba niingie wa kwanza ni mi.

«Mbona mi?»

«Juu kintu ikiharibika hapa, wewe haukimbie. Na kwako kuna amani.»

Alikuwa na uso ya muntu mwenye anaomba dawa ya mutoto. Nikaenda kuuliza padri, nisije nikaingia mu mambo ya ushirikina. Padri akacheka, akasema kuingia mu nyumba ya bantu na kuwatakia amani haijakuwa zambi hata siku moja. Nikarudi, nikakubali. Nikatosha hata pagne yangu, kitenge ya Pasaka, nikaipiga pasi.

Siku mbili mbele ya Têt, simu ikalia toka Lubumbashi. Yaya yangu Ferdinand, kaka yangu mukubwa, mwenye alinilea kisha baba kufa, ametutoka.

Kesho yake tukafungua kilio kwetu, mu appartement ya Berchem-Sainte-Agathe. Tukasukuma meza, bamama bakaikala chini, bimbo bikaanza. Na mi, mu ile machozi, nilikuwa nafikiri mulango ya Maman Lan. Shemeki yangu Odile aliniona.

«Nyamaza,» akaniambia ku sikio. «Kesho asubui ingia kwabo, sema bonne année yabo, rudi tulie. Nani atajua? Ukibaambia, batakuona mukosi. Na kazi itaenda.»

Hakusema bubaya. Alinihurumia. Kazi ile njo ilikuwa inasomesha batoto. Lakini Maman Lan hakuniomba miguu yangu tu, aliniomba amani, na mi sikukuwa nayo. Nikanawa uso, nikakamata tram, kiisha metro mupaka Porte de Namur.

Nilimukuta mu mulango, anafagia mara ya mwisho ya mwaka. Akaniambia niingie, baridi ni mingi. Nikabakia inje.

«Maman, siwezi. Kwetu kuna kilio. Yaya yangu amekufa. Kesho siwezi kuwa muntu wako.»

Akasimama na ule ufagio. Akaniuliza jina ya marehemu. Nikamuambia. Akairudilia, «Ferdinand», vibaya, kama muntu mwenye kutafuna kintu cha moto. Kiisha akasema niende kwangu, akafunga mulango pole pole. Mu metro nililia bintu bibili mara moja, yaya yangu na kazi yangu.

Kesho yake, saa bamama balikuwa banasonga bukari, bwana yangu akaniita ku mulango. Maman Lan, na koti nyeusi. Nyuma yake Tonton Tâm, amebeba kitunga. Ile siku, ya kwanza ya mwaka yabo. Nikasimama katikati ya mulango, nikapanua mikono, kama unazuia mutoto mbele ya moto.

«Hapana, Maman. Mwaka yako.»

«Jana ulibakia inje ya mulango yangu juu ya kunichunga,» akasema. «Niliona. Sasa tosha mikono ku mulango yako.»

Nikatosha. Akavua bilato ku miguu, akaikala chini, pale-pale nilikuwa nimeikala. Bamama bakamusogezea fasi. Odile akaangalia juu, ku plafond.

«Mama yangu alikufa kule kwetu mu siku za Têt,» Maman Lan akasema, anaangalia mikono yake. «Mi nilikuwa hapa, mu chumba moja, na simu. Marafiki bote balikuwa na mwaka yabo ya kuchunga. Hakuna mwenye aliingia. Nilijiapia mi sitamufanyia muntu vile.» Akaniangalia. «Na jana nikakufungia mulango.»

Nikamukamata mukono. Mama moja akaanza wimbo ya Bikira, pole, na Maman Lan akaanza kutikisa kichwa na ile sauti.

Tonton Tâm akafungua banh tét. Haikatwe na kisu, kisu inanata. Unakamata kamba yake yenyewe, unaizungusha, unavuta, inakata safi. Odile akaangalia ile muchele ya majani, akauliza kama ba Chine nabo beko na chikwange. Akaonja na kipande ya ndakala. Akaongeza. Akauliza nani alifunga vizuri vile.

«Ni huyu mu-Congo wetu ya bule,» Tonton Tâm akasema.

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu simu ilie.

Mwenye kuingia wa kwanza kwabo ile mwaka alikuwa Maman Lan mwenyewe, wakati alirudi na koti yake ya kilio. Usiniulize kama bahati ilikuja. Njia ilibakia na mashimo mupaka kisha Pasaka, na Tonton Tâm aliendelea kusema atafunga. Hakufunga. Kazi yangu ilibakia, na hakuna siku muntu alinitajia mukosi.

Sasa binti moja wa Kolwezi njo anafunga banh tét. Nilimufundisha kusikiliza na kidole gumba. Funguo ya mulango ya nyuma ningali nayo, Maman Lan hakuniomba niirudishe. Lakini kila asubui ya Têt, juu sasa mi njo muntu wao wa kwanza, navaa pagne ya Pasaka, napiga hodi ku mulango ya mbele. Anafungua, haniambie kwanza niingie. Anauliza: kwako kuna amani? Na mi najibu ukweli. Mwaka jana nilijibu hapana, mutoto wangu mudogo alikuwa amelala ku hôpital. Akarudi ndani, nikafikiri anafunga. Akatoka amevaa koti, tukaenda kule ku mutoto bote babili.

Rafiki yangu, hii habari usiifunge mu majani, usiache ilale kwako. Uelezee bale benye unaikala nabo nyumba moja, beko juu na chini yako, bale benye haujui feti yabo, sikukuu zabo, na uwaombe babo nabo baielezee fasi ingine.