Mkono wa Jenerali Tah Kler

Katika kijiji chao cha kabila la Wakareni, Saw Tah Kler alijulikana kwanza kama dalali wa nyati wa kulimia, hodari wa kumpunguzia mnyama umri kwa kuzipaka pembe zake masizi. Vita na serikali vilipoanza aliingia msituni na bunduki ya kuazima. Akawa kapteni, akawa kanali, akawa jenerali, na kila cheo kilipandwa juu ya migongo ya watoto wa watu. Alipochoka alitia saini mkataba wa amani, akapewa msitu wa misaji, miti ya mbao ghali, aukate. Waliokufa hawakupewa kitu.

Mwezi wa kufungana nyuzi, wazee wanapogonga ngazi kwa upawa kuziita roho za walio hai zilizopotea, kisha kuzifunga kwa uzi mkononi, akarudi, amekonda kama ufito. Alisema roho yake imebaki vitani. Iitwe, naye afungwe uzi mkononi kama Mkareni yeyote.

Mfungaji alikuwa bikizee wa kijiji, Naw Ler Wah. Mwanawe, Eh Doh, alichukuliwa kumbebea jenerali huyo masanduku ya risasi. Hakurudi, wala kaburi halikutajwa.

"Mfunge tu, bibi," mkuu wa kijiji alimnong'oneza. "Ameahidi daraja."

"Daraja! Mwanangu angekuwepo angenivusha mgongoni."

Jenerali, aliyekwisha panda ngazi ya nyumba ya bikizee ya nguzo, akanyoosha mkono. "Shangazi, yaliyopita si ndwele."

"Kwako. Kwangu ni donda bichi. Haya, tupatane. Wewe wataka uzi. Mimi nataka kujua Eh Doh yuko wapi."

"Vita ni vita, shangazi..."

"Na nyati mzee ni nyati mzee! Sema, au shuka ngazi yangu."

Aliyezoea kuamrisha akainamia sakafu ya mianzi. "Kivuko cha Mto Chumvi. Alitupa mzigo akakimbia. Nikaamuru apigwe risasi. Hatukumzika."

Naw Ler Wah hakulia. Alinyakua upawa, akagonga kichwa cha ngazi hadi kuku wakatawanyika.

"Eh Doh! Toka majini, mwanangu! Rudi, wali upo!"

"Bibi, wafu hawaitwi hivyo," mkuu wa kijiji akaguta.

"Leo wanaitwa!"

Aliita mpaka sauti ikapasuka. Kisha akaushika mkono wa jenerali, akaufunga uzi, bila neno la kuiita roho yake, kwa nguvu, kama afungaye mzigo.

"Mbona hujaniita?" jenerali akauliza.

"Tulipatana uzi. Wa kukuita, kamtafute kule kivukoni."