Kikopo cha Mjomba Injini

Kiwandani mjomba wangu wanamwita Injini. Miaka kumi na tisa amesimama mbele ya mashine ya kusaga mawe, na akipanda ngazi kifua chake kinaunguruma. "Injini, piga stata twende!" wenzake humtania, naye hucheka mpaka kicheko kinageuka kikohozi.

Yeye, mama na mimi tunaishi kwenye chumba cha kiwanda. Dirisha hatufungui, maana nje ni vumbi lilelile. Mtu akitolewa kazini, ufunguo anaurudisha siku hiyohiyo. Dozi ya kifua kikuu mjomba ameshaimaliza mara mbili, ingawa vijidudu havikuwahi kuonekana. Hakubisha. Kifua kikuu unatibiwa, unarudi kazini. Wenye mapafu ya vumbi hawarudishwi.

Mwaka huu zahanati ya kiwanda ikaleta dada wa maabara. Akaeleza kwamba mapafu yakiugua, protini zake hubadilika, na mashine yao inazipima kwenye makohozi wajue kama ni vumbi au kitu kingine. Akagawa vikopo: kila mtu akohoe asubuhi, kabla ya kula.

Asubuhi hiyo nilimwona mjomba nyuma ya mlango. Alikohoa, akatemea kwenye karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha akasukutua, akajaza kikopo mate meupe, safi. Kugeuka, akanikuta namtazama.

"Hujaona kitu."

"Sijaona, mjomba."

Baada ya siku kumi akaitwa. Nilimsindikiza kwa sababu ya ngazi za zahanati.

"Mzee wangu," dada wa maabara akasema, macho kwenye karatasi yake, "ulikohoa, au ulitutemea tu?"

"Si ulisema tujaze? Nimejaza."

"Umejaza kweli, hongera. Ila humu imejaa protini ya mdomoni, ile inayoanza kusaga wanga ukitafuna. Za mapafu karibu hakuna. Tunarudia, na leo unakohoa hapahapa, nikikuona."

Akampa barakoa inayotoa mvuke wa maji ya chumvi, wa kulegeza kifua. Mjomba aliishika, akautazama mlango.

"Na nisipotaka?"

"Hulazimishwi, mzee. Lakini nitaandika umekataa, na msimamizi anasoma."

"Kwa hiyo nikikataa natoka, nikikubali natoka."

Dada akawa anapangapanga vikopo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mjomba akaivaa barakoa. Haikupita muda, kikohozi kikampanda kutoka chini kabisa, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Kilichotoka kilikuwa cha kijivu. Akakifunika kikopo kwa kiganja, akakaa hivyo. Dada alinyoosha mkono, akangoja.

"Majibu siku ngapi?"

"Wiki mbili."

"Basi wiki mbili bado tuna chumba," akasema, akakiachia.

Tulishuka polepole. Chini alisimama kuvuta pumzi, akaniambia mama asijue. Halafu akaangalia saa, akavuka uwanja kwenda kwenye mashine yake, kwa kuwa zamu ya mchana ilikuwa inaanza.