Jukwaa la Kanisa la Mama Mkwe

Nilipoajiriwa kukagua usalama kwenye mijengo ya Kisumu, miaka ya themanini, mafundi wengi walidhani nimekuja kuuza chai. Nilivaa helmeti ya manjano, na suruali ndani ya sketi kwa sababu ya kupanda ngazi, na viatu vizito vilivyonitoa malengelenge. Kazi yenyewe niliipenda sana. Unapanda nyumba ambayo bado haina paa, upepo wa ziwa unakupiga usoni, unashika kila mti na kila fundo la jukwaa ili ujue kama mafundi wako salama. Kuna siku nilishuka na vumbi la saruji kwenye meno, na bado nilikuwa nikiimba.

Miaka ya tisini ikiwa imeanza, mimi na dereva wa ofisi tulitumwa Luanda Kotieno kukagua ghala la samaki lililokuwa likijengwa ufuoni. Ghala lilikuwa sawa, tukamaliza mapema. Kwa wakwe zangu hakukuwa mbali, nikamwomba dereva tupitie nimsalimie mama mkwe. Tulikuta mlango umefungwa.

"Mama yuko kanisani," jirani akatuambia. "Wanajenga."

Kanisa lilikuwa kwenye kilima kidogo, kuta za mawe tayari zimesimama. Kilichobaki ni sehemu ya juu ya ukuta wa mbele, ile ya pembe tatu inayobeba msalaba. Akina mama walikuwa wakipanda kilima na mabeseni ya mchanga kichwani, na aliyewaongoza alikuwa mama mkwe, mwenyekiti wao. Alipouona uso wangu kwenye dirisha la gari alipiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimeshaangalia juu.

Mafundi wawili walikuwa wamesimama kwenye jukwaa la mikaratusi, wakipanga mawe. Miti yenyewe ilikuwa mizuri, minene na iliyonyooka. Kilichonitisha ni kamba zilizoifunga. Zilikuwa kamba kuukuu za mashua, zimegeuka rangi ya majivu kwa jua na maji. Nilishuka garini, nikavuta moja kwa vidole. Nyuzi zilitoka mkononi kama unga.

"Kamba hizi mlizitoa wapi?" nikauliza.

"Wavuvi walitupatia, madam," fundi mmoja, kijana mwembamba, akajibu kutoka juu. "Ni sadaka yao."

Kusema kweli nilitamani kurudi kwenye gari. Hii haikuwa nyumba ya tajiri fulani wa mjini ambaye ningemwandikia amri na kuondoka. Ilikuwa kanisa la mama mkwe wangu, na mimi sikuwa nimemaliza hata miaka mitano katika ukoo ule. Lakini nilipomtazama yule fundi nilimwona akiegemea nyuma kuchukua jiwe, na mti uliombeba ukainama.

"Shukeni," nikasema. "Polepole, mmoja mmoja."

Walishuka. Pasta akaja mbio kutoka ndani. "Mama, Jumapili askofu anakuja kubariki jengo. Atapanda mwenyewe kuweka msalaba. Tumeomba mwezi mzima."

"Mimi pia nitaomba, Pasta. Lakini hapa hapandi mtu."

Nilipigilia karatasi nyekundu ya kusimamisha kazi kwenye mti. Mama mkwe alitua beseni lake chini. Mimi natoka upande wa Maseno, kwa watu wasio Wajaluo, na Kijaluo changu kilikuwa kibovu, kwa hiyo alizoea kunisemesha Kiswahili chake cha sokoni.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, na sauti yake haikuwa na utamu wowote. "Wewe umekuja kusalimia, ama umekuja kufunga kanisa?"

"Nimekuja kukusalimia, Mama. Lakini kamba zimeoza."

"Hiyo kamba ilivuta mbuta kubwa-kubwa kutoka ziwa. Sasa itashindwa na huyu fundi, mwembamba hivi?"

Wanawake wakacheka. Masikio yangu yalipata moto. Kumjibu mama mkwe mbele ya watu ni jambo ambalo hata nyumbani kwetu lingesemwa vibaya, nami sikutaka kushindana naye. Nikatazama lile rundo la mchanga.

"Mama, usiniamini mimi," nikasema. "Tutundike mchanga badala ya watu, tuone."

Dereva wangu alikuwa mtu asiyependa mabishano, lakini alipenda sana kazi ya mikono. Alileta kamba mpya ya kuvutia gari, akairusha juu ya mti wa kulalia, ule unaobeba mbao za kusimamia. Tukafunga gunia la mchanga upande mmoja. Nikawafukuza wote hadi kwenye mti wa mwembe—hapana, ulikuwa mfenesi, bado nauona—na kutoka huko mafundi wakavuta upande wa pili. Gunia likapaa, likaning'inia. Hakuna kilichotokea.

Mama mkwe akanitazama, mikono kiunoni. Nadhani hata dereva alinionea huruma.

"Ongezeni la pili," nikasema.

Gunia la pili halikufika mbali kutoka ardhini. Tulisikia mlio kama wa ukuni mkavu ukivunjwa gotini, halafu fundo likaachia, mti ukaporomoka pamoja na mbao, mawe na ndoo ya saruji. Vumbi likatufikia pale tulipokuwa. Miti iliyobaki ikaegemea ukuta kama walevi.

Kijana mwembamba alikaa chini palepale. Mama mkwe alingoja vumbi litulie, akaenda, akaokota kipande cha kamba, akakisugua vidoleni mpaka kikaisha. Kisha akamgeukia pasta.

"Na askofu alikuwa apande hapa," akasema. "Na vile huyo askofu ni mnene!"

Pasta ndiye aliyeanza kucheka. Tulicheka wote hadi wengine wakajifuta machozi kwa leso.

Mama mkwe alikwenda ufuoni mwenyewe kuongea na wavuvi. Sikuwapo, lakini niliambiwa hakuna aliyekasirika. Walileta kamba mpya za nailoni, na wawili kati yao wakabaki kuwasaidia mafundi kufunga mafundo. Siku moja kabla ya ibada nilirudi, nikakagua kila kiungo, tukatundika tena mchanga, na nikaing'oa karatasi yangu kwa furaha.

Jumapili askofu alipanda taratibu, kanzu ameikunja mkononi. Mama mkwe alisimama chini na gauni lake jeupe la ibada, akizuia watu wasikaribie. Pasta alipojaribu kupita chini ya jukwaa alivutwa mkono kama mtoto. Msalaba ukasimama, ngoma zikalia.

Baadaye, wageni wakila nje, mama mkwe aliniita jikoni kwake. Tulikaa kwenye vigoda karibu na moto, tukila samaki wa ngege kwa kuon, yaani ugali wa mtama, naye akaanza kunisimulia visa vya mume wangu alipokuwa mdogo, vile ambavyo mwenyewe hajawahi kuniambia. Dereva, akingoja kunirudisha Kisumu, alipiga honi mara kadhaa. Tulimwacha apige.