Iachie Siku Yako Pindo

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa sababu niliamka nikijiona waziri, na kufikia saa nane mchana nilikuwa nakimbia barabarani kama kuku aliyeona kisu.

Nilikuwa kijana, fundi wa nguo hapa Makina, Kibera. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya Mzee Rajabu, mwenye nyumba. Jioni nilikuwa nasoma gumbaru, yale masomo ya sisi tuliokosa shule utotoni, na wiki hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha kuandika ratiba. Wenzangu walijifunza ratiba. Mimi niliugua ratiba! Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, nikapiga mistari mpaka rula ikaomba maji. Saa moja hadi saa tatu, suruali. Saa tatu hadi saa sita, magauni ya kwaya. Saa sita hadi saa saba, kumaliza sketi ya Beryl. Saa saba hadi saa nane, kuipeleka. Hata chafya sikuipangia dakika. Nikaibandika ukutani, nikarudi nyuma kuitazama, na nakuambia hakuna bwana harusi aliyewahi kumtazama bibi yake namna ile.

Sasa, hiyo sketi. Beryl alikuwa binti wa Mama Beryl, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa jirani yangu kabla hajahamia Kawangware. Mafundi wamejaa Kawangware, lakini yeye alisema huko wanakata sketi kama wanakata sukuma wiki. Msichana alikuwa amepata nafasi ya kidato cha kwanza kule Riruta, na hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuripoti. Asiye na sare kamili haingii, na asiyeingia, nafasi yake inapewa mwingine. Waliokuwa wakingoja nafasi walikuwa wengi kuliko mchanga.

Jana yake Mama Beryl alikuja kunikumbusha. "Fundi, saa nane uwe kwa geti la shule. Si saa nane na kitu. Saa nane."

Nikamwonyesha ratiba yangu ukutani. Akaitazama, akanitazama mimi, akaenda zake.

Basi siku yenyewe, saa tano, cherehani inaimba, magauni ya kwaya yamenizunguka kama malaika, Mzee Rajabu akatokea mlangoni.

"Fundi, simamisha. Bi Saida ametutoka."

Bi Saida alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Nilipofika Nairobi sina hata sufuria, yule mama alinipa uji kabla hajaniuliza jina. Na hapa Makina, mtu akifariki asubuhi, anazikwa baada ya swala ya adhuhuri. Jirani, awe Mwislamu au Mkristo kama mimi, anaacha alichoshika, na cherehani hailii karibu na msiba. Haya yote niliyajua, mwanangu. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe:

"Mzee, lakini ratiba yangu..."

"Bi Saida hakuiona," akasema, akageuka.

Nikaenda. Tukamzika. Lakini nakiri kwamba makaburini nilipeleka mwili tu. Roho yangu ilikuwa imesimama kwa geti la Riruta. Nikimwombea marehemu, jicho moja linapima jua. Hiyo ndiyo aibu iliyoniuma zaidi, kwamba siku ile sikumlilia Bi Saida sawasawa, na sikumshonea Beryl sawasawa.

Tuliporudi, saa saba na nusu ilikuwa imepita. Sketi ilikuwa imebaki mkanda wa kiuno na pindo la chini, nilikuwa nimelikunja kwa pini tu. Cherehani siwezi kuigusa. Simu za mkononi hazikuwa zimetufikia, na bodaboda hazikuwa zimezaliwa. Mzee Rajabu akanikuta nimeikumbatia ile sketi kama mtoto mwenye homa. Nikamweleza. Hakunigombeza. Ujanani alikuwa fundi wa kanzu, za kushonwa kwa mkono. Akanivuta chumbani kwake, akatoa sindano mbili, akachukua mkanda, mimi pindo. Mwanangu, vidole vya yule mzee vilikwenda mpaka uzi ukatoa moshi!

Tukiwa hapo, akalishika pindo langu, akaligeuza.

"Umeacha vidole vingapi vya kitambaa ndani?"

"Vinne, Mzee. Msichana atarefuka, mwakani mama yake atakunjua."

"Atarefuka lini?"

"Nani anajua? Lakini watoto wote hurefuka."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na wazee wote hufa, Fundi. Mvua hunyesha. Mkanda wa cherehani hukatika. Sketi umeiachia vidole vinne. Siku nzima hukuiachia hata kimoja?"

Nikajidunga sindano. Sikuhisi kitu.

Nilitoka Makina saa nane kamili, saa ile niliyotakiwa niwe nimefika. Mwendo ule ni wa saa nzima kwa mtu mwenye akili. Nilikimbia mpaka mbuzi wa Kawangware wakanipisha njia, na kila hatua namwona Beryl amerudi nyumbani, kitabu kimefungwa, kwa ajili yangu mimi na mistari yangu.

Nikafika Riruta saa tisa kasoro dakika kumi. Beryl alikuwa amesimama nje ya geti, shati jeupe, sweta mpya, na chini leso ya mama yake, mama mwenyewe ubavuni.

"Yawa, Fundi! Ulikuja ukitambaa?"

"Mama Beryl, nisamehe. Saa nane imepita, nafasi ya mtoto..."

"Saa nane gani? Geti linafungwa saa tisa."

"Lakini uliniambia..."

"Niliambia wewe saa nane. Mafundi nawajua. Na vile niliona ile ratiba yako, nilijuta sikukuambia saa sita!"

Akamzungushia binti yake leso kama ukuta, Beryl akavaa humo ndani. "Mama, inadunga!" Nilikuwa nimesahau pini. Mama yake akamsukuma: "Kimbia, utaitoa ukiwa ndani!" Na Beryl akakimbia, na geti likafungwa nyuma yake, na mimi nikaketi chini pale kwa vumbi nikacheka huku nalia.

Mwanangu, wewe una simu inayokupangia siku na kukulilia kila robo saa. Panga, sikukatazi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini binadamu hupanga, Mungu hupangua, na mara nyingi hupangua kwa kumtuma mtu mlangoni. Ile kazi yenye geti linalofungwa, ikimbilie asubuhi. Usiiweke mwisho kwa kuwa ni ndogo. Usiishone saa moja kwenye nyingine bila nafasi katikati. Na ukisema siku ni yako na hutaiachia nafasi, jua kuna mtu anayekuachia hiyo nafasi yeye, kimyakimya, akisimama juani na mtoto wake. Usiwe mzigo wa namna hiyo.

Mimi tangu hapo, kila mchana kuna saa nzima ambayo huwa siiandikii kitu. Asipokuja mtu nakunywa chai, na naapa chai hiyo ni tamu kuliko ya Ikulu. Akija mgonjwa, akija mwenye kilio, akija mpiga soga tu, ananikuta nipo, mwili na roho.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe siku zenye nafasi, na akupe watu wa kuzijaza bila kupiga hodi.